Kasuku wa Chumba cha Jalila

Jumamosi asubuhi Bi Mwanasaumu alikuwa ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi ya wali wa mchana, Rispa alipopiga hodi uani akiwa amebeba kitundu kilichofunikwa leso. Mashine ya posho ya Elkana, iliyopakana na ukuta wa nyumba ile ya Magogoni, ilikuwa inasaga mahindi, kwa hiyo Rispa alilazimika kupiga hodi nyingine kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Karibu, mwanangu. Umebeba kuku?"

"Si kuku, mama. Ni kasuku."

"Wa kopo la mafuta ya kupikia au wa mabawa?"

"Wa mabawa, mama. Wa kopo ningekuwa nimeshampikia."

Rispa alikuwa jirani wa nyuma, mtu wa bara, aliyefanya kazi ya kupika na kufua katika nyumba moja ya Nyali. Waajiri wake walikuwa wamehamia ng'ambo wiki ile na kugawa vitu vyao. Friji ilimwendea mlinzi wa geti, zulia likamwendea dereva, na kasuku akamwangukia Rispa, ambaye alikaa chumba kimoja na kushinda kazini mchana kutwa.

"Kwangu atakufa na upweke," alisema. "Karatasi zake za serikali ziko sawa, msiogope. Kaeni naye mpaka Jumamosi ijayo mumwangalie. Msipomtaka, kuna jamaa Bamburi wa duka la wanyama. Lakini huyo anawapanga ndege kama kreti za soda."

Mansur, mwanawe Bi Mwanasaumu, alitoka ndani pamoja na mkewe Samiha. Leso ikafunuliwa. Kasuku alikuwa mchanga, wa rangi ya kijivu, mkia mwekundu, na mara tu walipomtazama alificha kichwa chini ya bawa. Walipotazama kando alikitoa. Walipomtazama tena akakificha.

"Ana haya, masikini," Samiha alisema.

"Haongei?" Mansur aliuliza.

"Bado. Ni mtoto. Hajawahi kusema hata neno."

Elkana akatia gunia jingine. Mashine ikanguruma, na ndege akajipiga kwenye nyaya za kitundu mpaka unyoya mmoja ukadondoka juu ya machicha ya nazi. Bi Mwanasaumu aliuokota, akaupuliza.

"Huyu yuaogopa kelele. Mwekeni chumba cha Jalila."

Chumba cha Jalila kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ndani yake hakikusikika kitu. Hata mlango ukiwa wazi, sauti zilifika kizingitini zikaishia hapo, kama viatu. Bilauri ikianguka humo ilivunjika bila kelele, na mtu alipaswa kuangalia anapokanyaga. Ilikuwa hivyo tangu harusi ya Jalila, binti wa nyumba ile.

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, Mansur alitoka msikitini na mashahidi kuja kuchukua idhini ya dada yake, kwa kuwa baba yao alikuwa ameshafariki na yeye ndiye aliyekuwa walii. Alisimama nje ya pazia la chumba akauliza, "Jalila binti Sharif, wanipa idhini nikuoze kwa Mwidani?" Jalila alinyamaza. Akauliza mara ya pili, Jalila akanyamaza. Alipouliza mara ya tatu, Jalila alinyamaza tena, na Bi Mwanasaumu, ambaye kigelegele chake kilijulikana kutoka Magogoni mpaka Kongowea, akakipiga. Wanawake wote ukumbini wakamwitikia. Mansur akarudi msikitini na habari kwamba bibi harusi amenyamaza. Kila mtu alijua maana yake: mwari haya humzuia kusema, na akinyamaza amekubali. Mwidani akaozeshwa. Jioni walimpeleka Jalila kwa mumewe Magongo pamoja na masanduku yake, vyombo vyake na mto wake wa kulalia. Kimya chake kilibaki chumbani.

Majirani walikizoea haraka. Wenye watoto wachanga waliwaleta kulala adhuhuri, mashine ikiwa imechachamaa. Cindy, muuguzi wa zamu za usiku, alikuja kulala humo mchana. Mwadhini wa msikiti, alipougua jino, alishinda humo kutwa akatoka akishukuru. Bi Mwanasaumu hakumzuia mtu. Aliomba tu waache viatu nje, wala wasikalie ncha ya kitanda upande wa dirishani, kwa kuwa ndipo Jalila alipokuwa ameketi.

Jalila mwenyewe alikuwa amerudi mara mbili akiwa na mkoba wa nguo. Mwidani hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, wala hakumnyima chakula. Alikuwa na malori yake na nyumba yake, alimzidi mkewe kwa umri mwingi, na aliona kwamba mafunzo ya ualimu aliyokuwa akiyangojea Jalila hayana haja tena. Nyumbani kwake hakukuwa na mazungumzo. Mara zote mbili Mansur alimrudisha dada yake Magongo kwa lori la Mwidani, maana alikuwa dereva wa shemeji yake tangu wiki iliyofuatia harusi. Na mara zote mbili, walipokuwa njiani, alimwambia maneno yale yale.

"Nilikuuliza mara tatu, Jalila. Ulinyamaza."

Jalila alitazama nje ya dirisha, ambako makontena yalikuwa yamepangwa juu ya makontena.

Humo chumbani kasuku alitulia. Alikula alizeti na vipande vya papai, akajisafisha manyoya, akalala amesimama kwa mguu mmoja katikati ya watoto wa majirani. Cindy alisema hajapata kulala na mwenzake mwenye adabu kama yule. Baada ya siku chache Samiha alipomtolea kidole, ndege alikitazama sana, kisha akakipanda, uso wake ukiwa umegeuzwa ukutani.

Samiha alimtoa ukumbini wakati wa chai ya alasiri, akamweka juu ya mgongo wa kiti. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, mashine ya Elkana inasaga. Kasuku alitikisa manyoya, akafungua mdomo, akasema kimya.

Redio ilikatika katikati ya jina la marehemu. Mashine ilinyamaza, ingawa vumbi la unga liliendelea kuruka mbele ya dirisha. Chai iliyokuwa ikimiminwa ilishuka kikombeni bila sauti. Samiha, Mansur na Bi Mwanasaumu walikaa wakitazamana, mpaka ndege akafunga mdomo na redio ikaendelea kuwataja watoto na wajukuu wa marehemu.

Elkana alikuja mlangoni akiwa mweupe kwa unga.

"Habari za hapa? Mashine yangu imepoteza sauti kidogo. Inasaga lakini haisemi. Nikasema labda ni mkanda."

"Si mkanda, baba. Ni kasuku," Bi Mwanasaumu alimwambia.

"Ah. Basi sawa." Akarudi kazini.

"Kasuku husema alichosikia," Samiha alisema. "Na humo chumbani hajasikia kingine."

Kesho yake walimtoa tena, wakati ule ule, na safari hii walitega masikio. Ulimwengu wote ulipokuwa umenyamazishwa, ilidhihirika kwamba kimya kile hakikuwa kitupu. Mwanzo wake bangili zilisogea mkononi. Kisha mtu alimeza mate. Kukapita muda. Halafu mtu akavuta pumzi ndani, pumzi ya mtu aliye na neno ulimini. Hapo kimya kikakatika kama uzi uliotiwa mkasi, na mashine ikarejea.

Bi Mwanasaumu aliweka kikombe chini.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo nilipoingia mimi."

"Ulipoingia wapi, mama?" Mansur aliuliza.

"Kigelegele changu. Nilikipiga hapo."

Kasuku alikuwa ameficha kichwa. Samiha alianza kukunja leso iliyokuwa imeshakunjwa.

"Mimi nilikuwa nimemshika mkono," alisema hatimaye. "Alinibana kwa nguvu kabla ya kuvuta ile pumzi. Nikadhani ni furaha."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza yeye, tena ukiwa nje ya pazia, viatu miguuni, mashahidi wanaangalia saa."

Mansur alisimama, akaketi tena.

"Kesho namrudisha ndege huyu kwa Rispa."

"Kakosa nini?" mama yake aliuliza.

"Hajakosa. Anakumbusha."

"Na chumba hakikumbushi?"

"Chumba hakitoki kikaja kukaa juu ya kiti changu."

Hata hivyo hakumrudisha. Siku iliyofuata, wakati wa chai, ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumtoa. Alitumaini kwamba ndege angeipita ile pumzi, kama mtu anayesoma kwa kusitasita halafu siku moja akaumaliza mstari. Walikaa wakangoja. Bangili, mate, muda, pumzi, mkasi. Alimpa kipande cha papai akamwomba tena. Bangili, mate, muda, pumzi, mkasi. Bi Mwanasaumu alieleza kwamba hakuna la ajabu. Ndege hawezi kusema asilolisikia, na yaliyofuata pumzi ile hakuna aliyeyasikia. Jioni alikuja mwanamke wa mtaa wa pili kumwalika akapige vigelegele kwenye harusi ya mwanawe. Bi Mwanasaumu alimwambia koo lamuuma, akamtilia sukari na kahawa kwenye mfuko kuwa mchango wake.

Ijumaa, baada ya sala, Jalila alikuja. Alikuwa na mtoto mgongoni na mkoba wa nguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, ndoo ndani. Nipe huyo mtoto. Hebu muone, kajaa kama andazi!"

"Wifi, mbona umekonda?" Samiha alimuuliza.

"Magongo kuna joto, wifi."

"Na hapa kuna barafu?"

Jalila alicheka kidogo. Aliuweka mkoba karibu na mlango, si ndani, si nje, akamsalimu kaka yake. Mansur aliutazama mkoba. Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakasema habari za mtoto na meno yake. Chai ilipoletwa, kasuku alikuwa tayari juu ya kiti, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwondoa. Akafungua mdomo.

Jalila alisikiliza mpaka mwisho. Alizitazama bangili zake, zile zile, akazisukuma juu ya kiwiko ili zisilie.

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Amepatia."

Mansur aliuliza bila kuinua uso. "Ulitaka kusema nini?"

"Lini?"

"Hapo. Baada ya pumzi."

"Nilitaka kusema, kaka, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Sikuwa nimejua bado. Ndiyo maana nilitaka ungoje."

Mtoto aliamka, akalia, akanyonyeshwa. Bi Mwanasaumu alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kana kwamba kuna kitu ndani yake kingeweza kutoka wakati wowote na kuharibu jambo.

"Chumba changu kiko?" Jalila aliuliza.

"Kiko. Cindy hulala mchana tu," Samiha alijibu upesi. "Na huyu ndege hasumbui. Kitanda ni kile kile."

"Tutazungumza," Mansur alisema. "Mambo haya si ya kukurupuka. Nitazungumza na Mwidani, inshallah. Si wiki hii. Jumatatu ana mzigo wa Malaba, na ni mimi ninayeupeleka. Nikirudi, inshallah."

Alisema inshallah mara mbili, na mama yake alimtazama mara zote mbili.

Jalila aliinuka, akavua viatu, akaingia chumbani kwake. Kasuku aliruka akamfuata, akatua juu ya dirisha. Kutoka ukumbini walimwona ameketi kwenye ncha ya kitanda ambayo hakuna mtu mwingine aliyeikalia. Walimwona akivuta pumzi. Kisha midomo yake ikaanza kwenda. Alisema maneno mengi, mengi kuliko "ngoja kidogo", akinyoosha mkono, akijipiga kifua, safari moja akitabasamu kama mtu anayesimulia mambo ya darasani. Hakikusikika kitu. Ndege alimtazama mdomo kwa makini sana, bila kuficha uso, lakini kasuku hujifunza kwa masikio, na humo ndani hakikuwamo kingine cha kusikia.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umetulia.

"Umesemaje, mwanangu?" Bi Mwanasaumu aliuliza.

"Nimeshasema, mama."

Kabla ya magharibi Mansur alimrudisha Magongo. Bi Mwanasaumu alimfungia mahamri kwenye kopo, akafunga kopo kwa kitambaa, akafungua kitambaa akaongeza mengine, akafunga tena. Mkoba wa nguo ulirudi kwenye lori kama ulivyokuja. Njiani Mansur hakumwambia dada yake kwamba alinyamaza, kwa kuwa maneno hayo hayakuwa yake tena. Hakupata mengine ya kuyaweka mahali pake. Kwenye daraja la Nyali kulikuwa na foleni, wakakaa muda mrefu, mtoto akichezea bangili za mama yake. Mansur alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, "Tugeuze." Aliliona hata pahali ambapo lori lingegeukia. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo.

Jumamosi Rispa alikuja kuchukua jibu. Aliwakuta wote watatu ukumbini, na kasuku juu ya kiti.

"Enhe, mmeamua aje? Yule jamaa wa Bamburi amenipigia simu, anataka kujua."

Mansur alikuwa hajalala vizuri. "Tunamtaka," alisema. "Akae."

"Safi! Nilijua tu. Basi nimwachie na kitundu chake."

"Bado," Bi Mwanasaumu alisema. "Yeye hajaulizwa."

Rispa aliwatazama kwa zamu kuona nani anatania. Hakumwona, akaketi.

Mansur aliinuka. Alivua kandambili zake, akasogea mpaka mbele ya kiti, akajiinamisha ili asimzidi ndege kwa kimo.

"Wakubali kukaa nasi?" aliuliza.

Kasuku alificha kichwa chini ya bawa.

"Wakubali kukaa nasi?"

Bawa halikusogea.

"Wakubali kukaa nasi?"

Kimya.

"Si basi amekubali?" Rispa alisema. "Amenyamaza."

"Ngoja," Bi Mwanasaumu alimwambia.

Wakangoja. Chai ilipoa ikafanya utando. Samiha alizima redio. Rispa alikumbuka ana nguo kambani, akaaga kwa ishara na kutoka kwa ncha za vidole. Elkana aliposikia kinachoendelea alizima mashine yake, ingawa wateja walikuwa foleni na makopo yao, na nao wakaelezwa wakaketi chini ya kivuli cha ukuta. Magoti ya Mansur yalimuuma, hakuyanyoosha. Hakuna aliyemhimiza ndege. Hakuna aliyesema kwamba muda unakwenda, au kwamba watu wanamsubiri, au kwamba haya ni ada ya vijana. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimevuka mkeka wote pale kasuku alipotoa jicho moja, akamtazama Mansur, akatoa na la pili. Akasogea kwa upande, hatua ndogo ndogo, akapanda kidole chake.

Bi Mwanasaumu hakupiga kigelegele. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, akaenda jikoni kupasha chai, na alikaa huko zaidi ya muda unaohitajika kupasha chai.

Kasuku alipewa chumba cha Jalila. Mansur alipiga misumari akamwekea kijiti cha kukalia karibu na dirisha, mahali penye hewa, na majirani wakaendelea kuleta watoto wao. Kila alasiri alitolewa ukumbini akasema kimya chake mpaka kwenye ile pumzi, na watu wa nyumba ile wakasimamisha vikombe vyao mpaka amalize, kama wanavyosimama watu jeneza linapopita. Wateja wa Elkana walijifunza kutoshtuka.

Jumatatu alfajiri Mansur alikwenda Magongo kuchukua lori. Funguo zilitundikwa jikoni kwa Mwidani, na kama ilivyokuwa kila siku Jalila alimpa kupitia dirishani, mtoto akiwa begani. Mwidani alikuwa uani akihesabu turubai. Aliinua mkono kumsalimu shemeji yake, akaendelea kuhesabu.

"Ndege hajambo?" Jalila aliuliza.

"Hajambo. Amekubali kukaa."

"Mlimuuliza?"

"Tulimuuliza. Tukamngoja."

"Vizuri," Jalila alisema. "Mlifanya vizuri."

Mansur alipanda lori, akafunga mlango. Kioo kilikuwa chini. Dada yake alikuwa bado amesimama dirishani. Bangili zilisogea mkononi mwake. Alimeza mate. Akavuta pumzi.

Nyuma, lori jingine lilipiga honi likitaka njia. Mansur akawasha injini.